Pembe Nne Juu ya Paa

Maalim anayeishi katika nyumba ya mwisho ya mtandao wetu wa intaneti hapa Mji Mkongwe ana desturi ya kuniita kutoka barazani kwake kila nipitapo baada ya sala ya alasiri, na kwa muda wa mwezi mzima neno lake lilikuwa moja tu. "Mwanangu, zamani kile kidude chako kilikuwa na pembe mbili. Sasa umenifungia cha pembe nne, na mjukuu wangu akitazama masomo yake picha inakwama pale pale." Nilikuwa namwitikia kwa heshima, nakunywa kahawa yake, kisha naondoka bila ya kumjibu sawasawa, kwa sababu jibu lake ni refu kuliko kikombe cha kahawa na nusu yake mwenyewe nilikuwa sijaifahamu. Makala haya ni jibu ambalo nilistahili kumpa.

Mtandao wetu hauna mnara. Faiba, yaani kebo ya intaneti, inaingia katika nyumba moja karibu na Darajani, na kutoka hapo kila nyumba inampokeza jirani yake kwa redio iliyofungwa juu ya paa, paa hata paa, mpaka tunafika upande wa Shangani kwa Maalim. Kila kituo kinapokea data zake na papo hapo kinabeba data za wenzake, na hakuna mkubwa anayempangia mwengine zamu ya kusema. Nitauita mtandao wa kupokezana. Nilipobadilisha redio za antena mbili, ndizo pembe anazozisema Maalim, nikaweka za antena nne, nilifanya hivyo kwa imani kwamba antena zikiongezeka mara mbili, kasi nayo itaongezeka mara mbili. Imani hiyo haikutoka hewani, ina msingi wake, na ni vyema kuanza na msingi huo kabla ya kueleza ulipovunjika.

Mwaka 1948 Claude Shannon alionesha kwamba njia yoyote ya mawasiliano ina dari lake, na kwamba dari hilo linapanda kwa logi (logarithimu) ya nguvu ya mawimbi ikilinganishwa na kelele. Neno "logi" ndilo lenye uchungu wote. Ikiwa mawimbi yanamfikia mpokeaji yakiwa na nguvu mara 100 ya kelele, kila hezi moja ya masafa inaweza kubeba karibu biti 6.7 kwa sekunde. Ukiongeza nguvu mara mbili, ukalipia umeme mara mbili na ukawaudhi majirani mara mbili, utapata biti 7.7, yaani umeongeza biti moja tu. Fundi anayepandisha nguvu ya redio kila mtandao unapolegea anamwaga maji katika pakacha, na mimi nimewahi kuwa fundi huyo.

Katikati ya miaka ya 1990, Emre Telatar na Gerard Foschini, wote wawili wakiwa katika maabara za Bell Labs nchini Marekani, walifungua mlango mwengine. Mtumaji na mpokeaji wakiwa na antena kadhaa kila mmoja, na mawimbi yakiwa yanagonga huku na huko kabla ya kufika, basi kila antena ya mpokeaji inasikia mchanganyiko wake wa pekee, na mchanganyiko huo unaweza kufumuliwa kwa hesabu mpaka kila mkondo wa data ukajitenga. Idadi ya mikondo inayoweza kupita kwa pamoja, katika masafa yale yale na kwa nguvu ile ile, inafuata upande wenye antena chache zaidi. Kwa mfano wetu wa hapo juu, antena mbili kwa mbili zikigawana ile nguvu moja zinapandisha dari kutoka karibu biti 6.7 hadi zaidi kidogo ya 11. Hapa hakuna logi ya kubana, kwa kuwa mikondo inaongezeka moja kwa moja pamoja na antena.

Lakini lile sharti la mawimbi kugonga huku na huko halikuwekwa kwa mapambo. Mtu akisimama ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe na redio yake, mawimbi yanampiga kutoka ukuta huu wa mawe ya matumbawe na chokaa, kutoka ukuta ule, kutoka mlango wa njumu uliofunguliwa nusu, kutoka bati la paa la duka. Kila njia inafika kwa pembe yake na kwa kuchelewa kwake, na hapo antena nne zinasikia mambo manne tafauti. Juu ya paa hali ni nyengine kabisa. Redio yangu na ya jirani zinaonana waziwazi, njia ni moja iliyonyooka, na antena zote nne zinasikia neno lile lile. Kinachobaki cha kutenganisha mikondo ni namna wimbi linavyotikisika, yaani kwa wima au kwa mlalo, na hiyo inatoa mikondo miwili. Zile redio za zamani zenye antena mbili zilikuwa tayari zinaitumia yote miwili. Kwa hiyo antena mbili nilizoongeza ziliimarisha usikivu, zikanipa zile biti chache za logi, na mikondo ikabaki miwili kama ilivyokuwa. Nilinunua mikondo minne ya karatasini.

Hilo peke yake lingetosha kunitia haya, lakini ndilo dogo. Hata kama kila kiungo baina ya paa na paa kingebeba mikondo minne kamili, bado mtandao mzima una dari lake, na dari hilo lina tabia ambayo mtu aliyezoea waya haitarajii.

Mwezi wa Machi mwaka 2000, mwaka ule ule ambao Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, Piyush Gupta na P. R. Kumar wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha hesabu iliyouliza swali jepesi: tukiweka vituo vingi katika eneo lisilobadilika, kila kimoja kikitaka kuzungumza na mwenzake aliye popote, kila kimoja kitapata kasi gani? Kituo kikipaza sauti ili kifike mbali, kinawanyamazisha wote walio kati. Kikinong'ona kwa jirani, wengi wanaweza kunong'ona kwa wakati mmoja, lakini neno lake litapitia mikono mingi kabla ya kufika. Waligundua kwamba kunong'ona ni bora, na kwamba hata hivyo fungu la kila kituo linapungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya vituo. Tukiacha pembeni vigawo visivyobadilika, vituo 100 vinamwachia kila mmoja sehemu moja ya kumi ya kasi ya redio yake. Vituo 400 sehemu moja ya ishirini. Vituo 10,000 sehemu moja ya mia. Vituo vikitawanyika bila mpango, hesabu yao ilipunguza kidogo zaidi, kwa sababu lazima sauti ifike mbali kiasi cha kutomwacha yeyote mpweke, na upungufu huo ulikuja kuzibwa mwaka 2007.

Mimi niliifahamu vizuri zaidi kwa kusimama Darajani. Kila mtu hapa anajua kwamba pale palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na kwamba jina limebaki kwa ajili ya daraja lililouvuka. Tuseme leo mkono ule umerudi, kisha tuweke vituo sawasawa pande zote mbili, kila kituo kikizungumza na jirani wa karibu tu. Karibu nusu ya mazungumzo yote yatahitaji kuvuka maji. Walio ukingoni, wenye uwezo wa kuyavusha, ni wachache: katika eneo la mraba lenye vituo 10,000, safu inayogusa ukingo ni ya vituo kama 100. Mia wanawabebea maelfu, na mji ukikua, walio nyuma wanaongezeka kwa kasi kuliko walio ukingoni. Ndiyo maana kipeuo cha pili kinajitokeza, nacho ni uwiano wa eneo na mpaka wake.

Sasa mpe kila mmoja wa hao mia antena nne na mazingira mazuri ya mawimbi. Uvushaji unakuwa mara nne, na fungu la kila mtu nalo linakuwa mara nne. Ni faida kubwa, wala siidharau, lakini tazama umbo lake. Antena zinazidisha, hazigeuzi mwendo wa mstari. Mtandao uliokuwa na vituo 100 vya antena moja ukikua hadi vituo 1,600, antena nne kwa kila kituo zitamrudishia kila mtu lile fungu alilokuwa nalo mwanzo, bila ya kumzidishia hata biti moja. Ukikua hadi 10,000, kila kituo kitataka antena kumi. Na antena haziwezi kubananishwa kama dagaa. Ili kila moja isikie jambo lake, huachiana nafasi ya kama nusu ya urefu wa wimbi, ambayo kwa gigahezi 2.4 ni sentimita 6 na robo. Antena kumi kwa mstari mmoja zinataka zaidi ya nusu mita, jambo linalowezekana juu ya paa lakini haliwezekani katika simu ya mkononi.

Wapo waliosema kwamba kunong'ona kwa jirani ni kujifunga bure. Mwaka 2007 Ayfer Özgür, Olivier Lévêque na David Tse walionesha kwamba majirani wakikubaliana kwanza kwa karibu, kisha wakatuma kwa pamoja kama antena moja kubwa iliyotawanyika, na vikundi hivyo vikapangwa ngazi juu ya ngazi, basi jumla ya uwezo inaweza kukua karibu sawasawa na idadi ya vituo, na fungu la kila mtu lisipungue sana. Miaka miwili baadaye Massimo Franceschetti, Marco Migliore na Paolo Minero wakarejesha suala kwenye fizikia: mawimbi yanayovuka mpaka wowote yana idadi maalumu ya njia huru, na idadi hiyo inapimwa kwa urefu wa mpaka ukigawanywa kwa urefu wa wimbi. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, unapata kwamba yote ni kweli, na kinachoamua ni ukubwa wa eneo kwa kipimo cha wimbi lenyewe.

Nilitaka kujua sisi tuko wapi, nikapiga hesabu ya haraka. Mji Mkongwe wa orodha ya UNESCO una hekta 96. Tukiufanya mraba, ubavu wake ni karibu mita 980, na wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, hivyo ubavu unabeba mawimbi kama 7,800. Hesabu hiyo ni ya kukisia, lakini inatosha kusema kwamba kabla ya fizikia kutuzuia tungehitaji kuwa na maelfu ya vituo, nasi hatujafika hata hamsini. Dari linalomuumiza Maalim liko chini sana ya dari la maumbile. Tumelijenga wenyewe, kwa namna redio zetu zinavyopeana zamu.

Redio hizi zina adabu ya msikitini, kwamba anayesikia mwenzake anasema hunyamaza. Katika mnyororo wa mapaa wenye chaneli moja, nyumba ya tatu ikituma, ya pili na ya nne hazithubutu, na mara nyingi ya tano pia husikia na kukaa kimya. Mwaka 2001 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionesha kwamba mnyororo wa namna hii, hata ukipangwa vizuri kabisa, unabakisha robo ya kasi ya redio moja, na kwamba zile kanuni za kawaida za kupeana zamu katika majaribio yao ya kompyuta zilibakisha karibu sehemu moja ya saba. Nikakumbuka zile antena nilizoongeza. Zilifanya nini katika hali hii? Zilizipa redio masikio makali zaidi, na kwa kuwa kila redio sasa ilimsikia jirani wa mbali ambaye zamani haikumsikia, ilinyamaza mara nyingi zaidi. Nilikuwa nimelipa fedha ili kuongeza ukimya.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka kulisisitiza, kwa sababu mafundi wengi tunalikosea. Antena ya ziada inaweza kufanya moja ya kazi tatu: kubeba mkondo mwengine, kuongeza nguvu ya mkondo uliopo, au kumziba mtu anayeingilia. Matangazo ya madukani yanaitaja ya kwanza pekee. Katika mtandao wa kupokezana, ninavyoona mimi, ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa, na aliyetaka kuifahamu na aende mnadani kwa samaki pale Malindi alfajiri. Dalali anataja bei, wapagazi wanaomba njia, watu wanapokezana maneno juu ya mapipa ya barafu, na bado mnunuzi mwenye masikio mawili anaweza kumfuata dalali wake. Haongezi sauti ya dalali. Masikio mawili yanampa mwelekeo, na mwelekeo unamwezesha kumpuuza mpagazi aliye ubavuni mwake. Mpokeaji mwenye antena nne, akiyajua mawimbi ya wale wanaoingilia, anaweza kuwaziba watatu na kumsikiliza mmoja.

Mwaka 2011 Nihar Jindal, Jeffrey Andrews na Steven Weber waliipa hoja hii hesabu yake. Mtumaji atume mkondo mmoja tu, hata kama ana antena nyingi. Mpokeaji naye agawe antena zake: sehemu zitumike kuwaziba waingiliaji walio karibu zaidi, na sehemu iliyobaki ikusanye nguvu ya yule anayesikilizwa. Kwa mpango huo, idadi ya mazungumzo yanayoweza kufanyika kwa pamoja katika eneo moja inaongezeka sambamba na antena za mpokeaji. Akizitumia zote kwa kuziba, au zote kwa kukusanya nguvu, ongezeko linapungua. Ninaupenda uamuzi huo wa kugawa, kwani kumziba mtu wa mbali asiyekudhuru ni kupoteza sikio.

Kuna gharama yake. Ili kumziba mtu ni lazima uyajue mawimbi yake yanavyokufikia, na hilo linataka kila antena inayotuma itoe alama ya kujitambulisha mara kwa mara, na mpokeaji aipime kabla mazingira hayajabadilika. Paa kwa paa mazingira hutulia. Kichochoroni, pikipiki moja ikipita yote uliyoyapima yanabadilika. Antena zikiwa nyingi mno, muda wa kujitambulisha unaula muda wa kuzungumza, na hapo faida inaanza kurudi nyuma.

Nitaje pia njia moja ya kulikwepa dari bila ya kuongeza antena, kwa sababu sisi wa visiwani tunaijua tangu zamani. Matthias Grossglauser na David Tse walionesha mwaka 2001 kwamba vituo vikiwa vinatembea, na mtu akampa mwenzake wa karibu data zake ili azifikishe atakapokutana na mwenyewe, fungu la kila mmoja halipungui hata idadi ikikua. Ni yale yale ya kwenda bandarini na bahasha, ukamtafuta anayepanda boti ya kwenda Mkoani, Pemba, ukamwambia: ukifika, mpe fulani. Mzigo unapita mikono miwili tu. Unachokilipa ni muda, kwani unafika pindi msafiri atakapofika, na mjukuu wa Maalim hawezi kusubiri boti kwa kila sekunde ya somo lake.

Redio zetu si za kufundishwa mbinu ya Jindal na wenzake, kwani programu za redio hizo zimefungwa na mtengenezaji. Kwa hiyo nilitafuta iliyo karibu nayo kwa vifaa vilivyopo. Antena zenye mwelekeo zinafanya kwa chuma kile ambacho masikio manne yangefanya kwa hesabu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2003 ilionesha kwamba mtumaji na mpokeaji wakijibana kila mmoja katika robo ya duara, eneo wanalolisumbua linapungua sana kiasi kwamba uwezo unaweza kupanda mara kadhaa, na bado ni kuzidisha tu, kipeuo cha pili kiko pale pale.

Basi wiki iliyopita, kwa ruhusa ya wenye nyumba na bila ya kutoboa ukuta hata mmoja, kwani kuta hizi za chokaa hazisamehe nondo ya kutu, nilizishusha redio tatu za katikati kutoka katika milingoti mirefu nikaziweka nyuma ya kingo za mapaa, ili kila moja imwone jirani wake na isimwone wa mbele zaidi. Nikapunguza nguvu. Nikazipa antena za bapa zinazotazama upande mmoja, na viungo vya kupokezana nikavihamishia gigahezi 5, chaneli mbili tafauti kwa kupishana, nikaiacha ile ya 2.4 kwa simu za ndani ya nyumba tu. Zile za pembe nne nikazifunga ndani, sebuleni na ukumbini, ambako kuta zinayarudisha mawimbi kila upande na pembe nne zina kazi ya kufanya.

Jana nilipita barazani baada ya alasiri. "Shikamoo, Maalim." "Marahaba, mwanangu. Ile pembe nne umeiondoa juu ya paa." Nikamwambia nimeiteremsha, sasa iko ukumbini kwake. Akaniuliza kama fedha ya kununulia zile redio nyengine tatu imekwenda bure. Nikakaa, nikaomba kahawa ya pili, na nikaanza kumwelezea habari ya mkono wa bahari pale Darajani.